Je, niwaasili watoto wa marehemu dada yangu?

Swali: "Shikamoo mama. Nina watoto wawili, naishi Morogoro na mume wangu. Novemba mwaka jana dada yangu mkubwa alifariki. Mume wake alitangulia miaka mitatu nyuma kwa ajali ya pikipiki. Wameacha watoto watatu: wa kiume ana miaka 11, wa kike 8, na kitinda mimba wa kiume ana miaka 4. Baada ya hitma ya arobaini wazee walikaa wakagawa. Wawili wakubwa nikapewa mimi, mdogo akaondoka na shangazi yake kwenda Dodoma. Nyumba ya wazazi wao iko Kihonda, ina wapangaji, na kodi anachukua baba yao mdogo. Mkubwa haongei. Juzi nafua nimekuta vipande vya ugali vilivyokauka ndani ya foronya yake. Wa kike anakojoa kitandani, na alikuwa ameshaacha zamani. Wanangu wanalalamika chumba kimejaa. Sasa baba yao mdogo amepiga simu, anasema watoto ni wa ukoo wao na mwezi wa sita anakuja kuwachukua. Rafiki yangu ananishauri niwaasili mahakamani ili wasiweze kuchukuliwa. Nifanyeje?"

Jibu:

Marahaba, mwanangu. Pole sana kwa kufiwa na dada, na pole kwa kulazimika kupika chakula cha watu sita wakati wewe mwenyewe hujamaliza kulia. Nitafika kwenye mahakama, baba mdogo na nyumba ya Kihonda. Hayo yana majibu, na si mabaya kama unavyoogopa. Ila niruhusu nianzie kwenye foronya, maana ndiyo iliyonifanya niisome barua yako mara mbili.

Mtoto huyo haibi. Anaweka akiba. Akiwa na miaka minane baba yake alitoka asubuhi hakurudi, na akiwa na miaka 11 mama yake akaenda. Kwa akili yake, watu wakubwa wanaopika ni watu wanaoweza kuondoka siku yoyote, kwa hiyo anajipanga. Ukimuuliza "kwani hapa kwangu hushibi?" utamwumiza bure, kwa sababu anashiba. Njaa anayoiogopa ni ya siku ambayo na wewe hutakuwepo.

Nilianza kazi ya ustawi wa jamii mkoani Kagera miaka ya 1990. Ndiko wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waliporipotiwa mwaka 1983, na mimi nilipofika, vijiji vilikuwa vimejaa mabibi wenye wajukuu. Bibi mmoja alikuwa na wajukuu saba kutoka kwa watoto wake watatu waliofariki. Mmoja wao, binti mdogo, alikuwa anaficha ndizi chini ya majani ya kulalia mpaka zinaoza. Bibi hakugomba. Alimsukia kikapu kidogo chenye kifuniko, na kila usiku akawa anatia ndizi moja ya kuchoma na kumwambia: "Hiki ni chako, hakuna mkono mwingine utakaoingia humu." Wiki za kwanza kikapu kilikuwa kitupu asubuhi. Baadaye ndizi ikawa inalala na kuamka salama. Siku moja yule mtoto akaitoa mwenyewe akampa mdogo wake. Bibi yule hakuwa amesoma kozi yoyote, na mimi niliyekuwa na cheti nilichukua ujuzi ule nikautumia kwa miaka iliyofuata.

Kwa hiyo mtafutie kopo, hata la Blue Band, lioshe, litie karanga au kipande cha muhogo wa kuchemsha, umwambie ni lake na hakuna atakayelifungua. Kisha utimize ulichosema. Watoto wako wakiuliza kwa nini yeye tu, wape na wao makopo yao, gharama yake ni ndogo. Pamoja na hilo, mtangazie mambo kabla hayajatokea: "Leo nachelewa sokoni, nitarudi kabla ya magharibi." Halafu rudi kabla ya magharibi. Ukichelewa, piga simu. Mtoto aliyefiwa anakupima kwenye vitu vidogo hivyo kwa miezi mingi kabla hajakuamini kwenye vikubwa.

Kuhusu binti, anza na zahanati. Wampime mkojo, kwa sababu maambukizi ya njia ya mkojo humfanya mtoto akojoe bila kujua, na ukiona anakunywa maji kupita kiasi na kukonda, waombe wapime na sukari. Vipimo vikiwa safi, basi mwili wake ndio unaolia. Tandika nailoni chini ya shuka, mwamshe aende chooni kabla wewe hujalala, na shuka zilizolowa zifuliwe kimya kimya pamoja na nyingine. Nakuomba sana jambo moja: godoro lisitolewe juani upande wa barabarani majirani wakiona, wala asibebeshwe yeye. Nimekutana na wanawake wa miaka 40 waliosahau sura za walimu wao lakini wanaikumbuka njia waliyopita na godoro kichwani.

Hujaniambia watoto waliambiwa nini kuhusu kifo cha mama yao. Nauliza kwa sababu familia nyingi, kwa huruma, humwambia mtoto mdogo kuwa mama amesafiri au amelala. Mtoto wa miaka minne huamini neno kama lilivyo. Akiambiwa mama amelala, yeye ataogopa kulala. Akiambiwa amesafiri, atamsubiri, kisha atamchukia kwa kutorudi na kwa kutompigia simu. Mwambieni amefariki, kwamba mwili wake uliacha kufanya kazi, hapumui tena wala hasikii maumivu, na hatarudi. Atauliza tena kesho na keshokutwa. Jibuni vilevile. Huyu wa miaka minane anaelewa kwamba kifo hakirudi nyuma, lakini umri huo mara nyingi hujiona wamesababisha: nilimjibu vibaya, ndiyo maana akaumwa. Mwambie hata kama hajauliza kwamba hakuna alichosema wala alichofanya kilichomuua mama. Mkubwa anaelewa yote. Kinachomnyamazisha huenda ni kwamba aliona ugonjwa wa mama yake kwa karibu kuliko mlivyodhani, au mtu kwenye matanga alimwambia "sasa wewe ndiye baba wa wenzako, usilie". Kama aliambiwa hivyo, mvue mzigo huo kwa maneno ya wazi: "Hapa baba yupo, mama mdogo yupo. Wewe ni mtoto wetu, una ruhusa ya kulia."

Nchini Uganda, akina mama wenye virusi vya UKIMWI waliojiunga pamoja katika NACWOLA walianza miaka ya 1990 kuandika vitabu vya kumbukumbu kwa ajili ya watoto wao: ulizaliwa wapi, nani alikupa jina, babu yako alikuwa nani, chakula gani ulikikataa. Dada yako hakupata nafasi hiyo, ila wewe unaweza kukiandika kitabu hicho, kwa sababu wewe ndiye mtu aliyemjua tangu utoto. Daftari la shule linatosha. Bandika picha, mwite na shangazi yao aandike ya upande wa baba. Na kama ipo kanga ya marehemu ambayo haijafuliwa, usiifue. Ikunje, iweke kwenye mfuko uliofungwa, na binti ajue ilipo. Harufu ikiisha itakuwa imeisha yenyewe, bila mtu kumnyang'anya.

Sasa tuje kwenye mahakama.

Rafiki yako amekushauri kwa nia njema, lakini kuasili ni dawa ya ugonjwa mwingine. Kuasili hufanywa kwa amri ya Mahakama Kuu, na kazi yake ni kuhamisha uzazi wa kisheria: haki na wajibu wa wazazi wa kwanza unakoma, na mtoto anakuwa wa wazazi wapya kana kwamba wamemzaa. Ni mlango mzuri kwa mtoto aliyetupwa, asiyejulikana ndugu zake, na wale wanaotaka kumfanya wao moja kwa moja. Watoto wa dada yako wana asili yao. Wana majina ya baba yao, shangazi Dodoma, babu na bibi, na nyumba Kihonda. Kukimbilia kukata uzi huo ili kumshinda baba mdogo ni kuwalipisha watoto deni la ugomvi wa wakubwa. Isitoshe, umetaja hitma, kwa hiyo nachukulia kuwa ninyi ni Waislamu. Unajua basi kwamba katika dini mtoto hubaki na nasaba ya baba yake, na kumlea hakumfanyi mrithi wako. Ukitaka apate kitu kutoka kwako siku haupo, njia iliyopo ni wasia usiozidi theluthi moja ya mali yako.

Pengine ustawi watakutajia "malezi ya kambo", na usishtuke kwa neno lenyewe. Mitaani kambo ni mke wa baba, na hadithi zake ni chungu, lakini katika lugha ya ofisi malezi ya kambo ni mtu kupewa na serikali mtoto amlee nyumbani kwake bila kuwa mzazi wake kisheria. Aghalabu ni kwa watoto walio chini ya uangalizi wa ustawi, na maombi yake huanzia kwa afisa ustawi wa jamii wa wilaya na kupanda hadi kwa Kamishna wa Ustawi wa Jamii. Wewe ni mama mdogo. Kwa Kiswahili chetu cheo chako tayari kina neno mama ndani yake.

Na sheria inakutambua. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 9, inasema wazazi wakifariki wajibu wa ulezi unaweza kuhamia kwa ndugu wa upande wowote wa wazazi, au kwa mlezi, kwa amri ya mahakama au kwa utaratibu wa kimila. Zingatia hilo la upande wowote. Kauli ya "watoto ni wa ukoo wa baba" ni ya mila, na mila nyingi za nchi hii zinaisema, lakini sheria haijampa baba mdogo ufunguo ambao wewe huna. Kile kikao cha arobaini, kilichokaa na wazee wa pande zote mbili na kukukabidhi watoto, kina uzito. Je, kuna aliyeandika muhtasari? Kama hakuna, wafuate waliokuwepo kabla kumbukumbu hazijapindana, uandikwe, wasaini, na mwenyekiti wa mtaa agonge muhuri.

Kisha nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa kata yako, au manispaa kama kata yako haina. Beba vyeti vya vifo vya wazazi wote wawili, vyeti vya kuzaliwa vya watoto au kadi zao za kliniki, na ule muhtasari. Kama cheti cha kuzaliwa cha yeyote hakipo, anza kukitafuta RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, wiki hii, kwa sababu bila karatasi hiyo kila mlango utakaougonga baadaye, wa shule, wa mirathi, wa mafao, utakurudisha. Afisa atakuja nyumbani. Usipambe nyumba, usikope makochi ya jirani. Ataangalia watoto wanalala wapi, wanasoma wapi, wanasemaje. Mimi nilikuwa naomba maji ya kunywa nione nani anatumwa kuyaleta. Ikiwa kila mara anatumwa mtoto wa marehemu, huku wa nyumbani wamekaa, niliandika.

Ikitokea baba mdogo akashikilia msimamo, unachohitaji ni amri ya kukaa na watoto, nayo huombwa Mahakama ya Watoto. Hakimu akiipima anatakiwa kutazama umri wa mtoto na maoni yake yakiwa yametolewa kwa uhuru, kwamba ni vema ndugu wakae pamoja, na kwamba malezi yasikatwekatwe. Yamo katika kifungu cha 39. Mkubwa wako wa miaka 11 anaweza kusikilizwa. Kama huna pesa ya wakili, waulize ustawi wakuunganishe na wasaidizi wa kisheria, wanaofanya kazi chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, na huduma yao ni bure. Na kama siku yoyote mtu akija kuwabeba kwa nguvu, piga 116, simu ya mtoto, haina malipo, au nenda Dawati la Jinsia na Watoto polisi.

Lakini natamani usifike huko, na nitakuambia sababu. Huyo mtu amefiwa na kaka. Inawezekana anataka kodi, inawezekana pia anawatazama watoto hawa na kuona uso wa kaka yake, na jinsi pekee anayojua ya kusema hivyo ni kusema "ni wa kwetu". Nimeona baba wadogo waliolea watoto wa kaka zao kwa upole uliowashinda hata mama wadogo. Mpigie kabla ya mwezi wa sita haujafika. Mwambie hujamnyang'anya mtu ukoo wake, na unaomba likizo ya Juni watoto waende kwake wakae wiki moja, wazuru kaburi la baba yao, wawaone mababu, warudi shule inapofunguliwa. Akikubali hilo, ugomvi mkubwa umekwisha. Akikataa na kusema lazima wahame kabisa, omba kikao cha pili, naye awepo mtu asiye wa upande wowote, imamu wenu kwa mfano, na mumeo akae kikaoni tangu mwanzo hadi mwisho. Nimeona vikao vinavyoharibika kwa sababu mwenye nyumba alifika mwishoni.

Nyumba ya Kihonda iwekwe kwenye faili lake. Usichanganye maombi ya kukaa na watoto na madai ya kodi, maana utaonekana unawalea kwa ajili ya kodi, na yeye ataonekana anawataka kwa ajili hiyohiyo. Swali la kwanza ni dogo: baba yao alipofariki, mirathi ilifunguliwa? Kama ilifunguliwa, yupo msimamizi aliyeteuliwa na mahakama, na msimamizi si mrithi. Katika mahakama ya mwanzo anatakiwa kuwasilisha orodha ya mali na madeni ndani ya miezi minne tangu ateuliwe, na akihitaji muda zaidi awe amepewa na mahakama. Mwombeni hesabu. Kama haikufunguliwa, anayekusanya kodi anakusanya bila idhini ya mtu yeyote, na njia ni kufungua mirathi katika mahakama ya mwanzo ya eneo marehemu alipokuwa akiishi. Mtapeleka cheti cha kifo na muhtasari wa kikao cha ukoo unaompendekeza msimamizi, mahakama itatoa tangazo, na mwenye pingamizi atajitokeza.

Mkifuata mirathi ya Kiislamu, hesabu yenyewe inazungumza. Marehemu ameacha watoto wa kiume, kwa hiyo ndugu yake hana fungu. Wenye mafungu ni mke, ambaye alistahili thumni, yaani moja ya nane, wazazi wa marehemu kama walikuwa hai, kila mmoja sudusi, yaani moja ya sita, na kinachobaki ni cha watoto, wa kiume sehemu mbili na wa kike moja. Thumni ya dada yako nayo imekuwa mirathi yake, na ndani yake, kama mama yenu au baba yenu yupo hai, ana haki pamoja na watoto. Sheria ya Mtoto, kifungu cha 10, nayo inamkataza mtu yeyote kumnyima mtoto kunufaika ipasavyo na mali ya mzazi wake. Ukiyajua haya huna haja ya kupandisha sauti kwenye kikao. Pendekeza tu kodi iingie kwenye akaunti ya benki iliyofunguliwa kwa ajili ya watoto, itumike kwa sare, matibabu na michango ya shule, na risiti zioneshwe kwa pande zote mbili kila baada ya miezi sita, zako zikiwemo. Ulizia pia kama shemeji au dada aliwahi kuajiriwa. Mafao ya warithi kutoka mifuko ya hifadhi ya jamii hupotea kwa sababu tu hakuna aliyeuliza.

Watoto wako wa kuwazaa wana haki ya kulalamika, na usiwaambie waone haya. Wamepoteza mama mkubwa, wamepoteza nafasi kitandani, na mama yao siku hizi ana macho mekundu. Tenga muda na kila mmoja peke yake, hata ni kwenda naye gengeni kununua nyanya. Kazi za nyumbani zipangeni kwa zamu mbele ya wote. Hapa nasema kwa ukali kidogo kwa sababu nimeliona mara nyingi mno: mtoto wa ndugu anayeletwa mjini "kusoma" na baada ya mwaka ndiye anayeamka wa kwanza, anachota maji, anaosha vyombo vya watu wote na kwenda shule amechelewa. Hakuna aliyepanga iwe hivyo. Ilianza kwa kuwa yeye ni mtiifu kuliko wengine, na alikuwa mtiifu kwa sababu anaogopa kurudishwa. Huyu binti wa miaka minane akianza kuwa mwema kupita kiasi, anaosha vyombo bila kutumwa, mwambie aache akacheze. Na neno yatima libaki kwenye fomu za ofisi. Mgeni akiuliza "hawa ni nani?" jibu lako mbele yao liwe fupi: wanangu.

Pesa nazo zinakula upendo, tusidanganyane. Ada ya sekondari hadi kidato cha nne iliondolewa mwaka 2016, na kidato cha tano na sita mwaka 2022, lakini madaftari, viatu na michango havikuondolewa. Kwenye kikao cha pili kila ndugu atamke atabeba nini, iandikwe: huyu sare za Januari, huyu gunia la mahindi baada ya mavuno, huyu matibabu. Kama hali yenu ni ngumu, uliza serikali ya mtaa lini utambuzi wa kaya za TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, utafanyika, na watoto hawa wahesabiwe katika kaya yako. Umaskini peke yake hausemi kwamba hufai kuwalea. Mwongozo wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2009 kuhusu malezi mbadala unasema wazi kuwa ukata wa fedha na mali usiwe sababu pekee ya kumtoa mtoto kwenye familia. Niliutumia mwongozo huo mara kadhaa kuwazuia watu waliokuwa na haraka ya kupeleka watoto makaoni huku bibi yao akiwa hai, akiwataka, na kinachomkosesha usingizi ni debe la unga.

Nimeacha la mwisho kwa sababu ni zito kwangu. Kitinda mimba.

Nikiwa mwaka wa nne kazini, nilikubali watoto wanne wa tumbo moja wagawanywe nyumba nne. Kila ndugu alikuwa tayari kuchukua mmoja, wote walikuwa watu wema, na mimi nilifurahi kuona hakuna aliyebaki. Nilisaini. Baada ya miaka tisa, wawili wao walikuja ofisini kwangu, kijana na msichana, wakimtafuta mdogo wao wa mwisho, ambaye mlezi wake alikuwa amehama mkoa na simu haipatikani. Msichana aliniambia sura ya mdogo wake imemtoka, anachokumbuka ni kwamba alikuwa hawezi kupata usingizi bila kumshika yeye sikio. Tulimtafuta kwa miezi saba. Tulipompata alisalimia kwa adabu, kama anavyosalimia wageni.

Shangazi wa Dodoma amefanya jambo la heshima kumchukua mtoto, na simaanishi umnyang'anye. Mtoto wa miaka minne aliyekaa naye tangu msiba ameshaanza kumshika, na kumng'oa tena kwa ghafla kutamwumiza. Kama nyote mtakubali kuwakutanisha nyumba moja, fanyeni pole pole: mwezi wa sita wakubwa waende Dodoma, treni ya SGR ipo, walale naye chumba kimoja siku kadhaa. Desemba yeye aje Morogoro, shangazi amlete mwenyewe na akae naye siku za kwanza. Baada ya hapo mtajua mtoto anaelekea wapi, na huenda mkaona inafaa abaki Dodoma, lakini awe ni mtoto mwenye kaka na dada anaowajua kwa sauti. Wekeni siku maalumu ya simu kila wiki, isiyoahirishwa kwa sababu ya vocha wala hasira.

Hilo halihitaji afisa, hakimu wala kikao, na ndilo ningependa uanze nalo. Leo jioni, kabla mdogo hajalala, mpigie shangazi yake. Akishampa mtoto simu, mpe mkubwa simu yako, kisha utoke chumbani.